Miadi kwa daktari hapa Lamu: uliza kwanza boti yarudi saa ngapi

Foleni ya alfajiri mlangoni mwa kliniki mara nyingi hailetwi na wingi wa wagonjwa. Huletwa na kanuni moja tu: anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuingia. Maadamu kanuni ni hiyo, mtu mwenye akili zake atakuja saa kumi na moja alfajiri, aweke ndala barazani zimshikie nafasi, arudi kulala. Jirani yake akiona hivyo, kesho yake atakuja saa kumi na nusu. Kliniki inayoanzisha miadi, kisha siku yenyewe ikaita watu kwa jinsi walivyofika, imejiongezea kazi ya kuandika, basi. Watu watajaribu miadi mara moja, wataona aliyeweka ndala ameingia kabla yao, na wiki ya pili watarudi na ndala zao.

Maelezo haya ni ya kliniki ndogo ya mtaa: daktari mmoja au afisa wa kliniki mmoja, manesi wawili, karani mmoja dirishani, maabara ndogo na famasi. Hospitali kubwa ina mambo yake.

Hesabu kabla ya kugusa kitu

Wiki mbili, na zikiwa nne ni bora zaidi, karani achore safu kwenye karatasi: mtu amefika saa ngapi, ametoka wapi, ametaka nini, amehudumiwa na nani, na kama amerudishwa. Safu ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo muhimu. Aliyeambiwa "namba zimekwisha, njoo kesho" haonekani kwenye kitabu cha daktari, lakini kesho atakuja tena na atahesabiwa kama mgonjwa mpya. Simu zilizopigwa zisipokelewe nazo ziandikwe. Usihesabu wakati wa Ramadhani, wala wiki ya Maulidi mji unapojaa wageni, wala siku ambazo upepo wa kusi umechafua bahari na boti hazisafiri. Takwimu za siku hizo zitakudanganya.

Kisha piga hesabu ya upande wa pili. Tuseme daktari anaona watu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Hizo ni dakika 300. Mgonjwa mmoja akichukua wastani wa dakika 12, kwa karatasi ni watu 25. Lakini ondoa dakika 45 hivi za kusaini fomu, kuitwa na nesi, kusoma majibu ya maabara na kunywa chai, zinabaki 255, yaani watu 21. Namba ya kupangia ni 21. Anayepanga 25 atamaliza karibu saa nane kila siku, na karani ndiye atakayetukanwa.

Sasa linganisha. Ikiwa wanaokuja ni 30 kwa siku na nafasi ni 21, hakuna daftari wala programu itakayowatosheleza. Utabadilisha tu mahali pa kungojea, kutoka barazani hadi nyumbani. Hapo angalia safu ya "ametaka nini". Utakuta wengine wamekuja kupima presha tu, kuchukua dawa zile zile za kila mwezi, kusikia majibu, kubadilishwa bendeji, au kugongewa muhuri fomu ya shule. Hao wakienda kwa nesi moja kwa moja, huenda tisa kati ya 30 wakatoka kwenye foleni ya daktari bila kudhulumiwa. Kazi hii haina mvuto na hakuna mfadhili atakayeikatia utepe, lakini inapunguza foleni kuliko programu yoyote ya miadi.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye hesabu: je, muda wa kungoja unaongezeka, au ni ule ule? Kama mtu akitaka miadi leo anapewa wiki mbili mbele, na miezi mitatu iliyopita ilikuwa wiki mbili vile vile, basi wanaokuja na wanaohudumiwa ni sawa. Umebeba deni la zamani tu. Deni hilo hulipwa mara moja kwa kuongeza Jumamosi chache, likaisha. Muda ukiwa unarefuka kila mwezi, hiyo ni habari nyingine, na Jumamosi hazitasaidia.

Vipindi vya saa nzima

Usimpe mtu "saa nne na dakika ishirini na nne". Hakuna anayeishi hivyo, na dakika zile zitakuumbua kabla ya saa tatu. Gawa asubuhi kwa vipindi vya saa nzima. Kwa nafasi 21: kipindi cha saa mbili watu watano, vya saa tatu, saa nne, saa tano na saa sita watu wanne wanne. Aliyepewa saa nne aingie kati ya saa nne na saa tano, na ndani ya kipindi chake ndipo anayetangulia kufika atangulie kuingia. Aliyefika alfajiri akiwa na miadi ya saa nne haingii kabla ya saa nne. Karani asilegeze hapo hata kwa shemeji yake.

Mbona kipindi cha kwanza kina mtu wa ziada? Mwaka 1952 Bailey na Welch walichapisha katika jarida la The Lancet ushauri kuhusu kliniki za wagonjwa wa nje: waite wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kila baada ya muda wa wastani wa kumwona mtu. Wa pili ni kinga ya daktari kukaa bure wa kwanza akichelewa. Vipindi vingine vinabakiwa na dakika kumi na mbili wazi kila kimoja, na humo ndimo mgonjwa aliyehitaji dakika 25 anamezwa bila kuchelewesha wote waliobaki.

Si nafasi zote 21 za kuandikwa mapema. Mtoto aliyeamka na homa hakujua wiki iliyopita kwamba atakuwa na homa. Katika kila kipindi andika mapema nafasi mbili, acha nyingine wazi kwa wanaofika au kupiga simu siku hiyo hiyo. Jumatatu acha wazi zaidi, kwa sababu ya walioumwa Jumamosi na Jumapili wakavumilia. Ijumaa funga kipindi cha saa sita kabisa. Kuandika mtu saa sita na nusu siku ya Ijumaa mjini Lamu ni kuandika kiti kitupu. Wiki mbili zile za hesabu zitakuonyesha kama mbili ni nyingi au chache.

Aliyefika bila miadi naye apewe kipindi, hapo hapo dirishani: "Mzee, nafasi yako ni saa tano, nenda sokoni urudi." Mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu, na mtu wa Langoni au Mkomani yuko kwake baada ya dakika chache. Ukimpa kipindi na ukakiheshimu, atakwenda. Ukimkosesha mara moja, hataondoka tena barazani.

Boti, bamvua na saa ya kurudi

Hapa ndipo mipango iliyonakiliwa kutoka Nairobi huanguka. Mgonjwa wa Shela anaweza kuja kwa miguu. Wa Mokowe, ng'ambo bara, ana boti asubuhi kutwa. Lakini wa Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, anapita Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda una maji yake. Maji yakipwa sana boti kubwa hungoja. Swali la kwanza dirishani kwa mtu wa visiwani lisiwe "wataka saa ngapi?" Liwe hivi:

"Mama, boti yenu yarudi saa ngapi?"

"Nahodha amesema baada ya adhuhuri, mwanangu."

"Basi nakuandika saa nne. Ukitoka kwa daktari kuna maabara, na majibu hayazidi saa moja."

Karani amehesabu kurudi nyuma kutoka saa ya boti: kufika gatini, famasi, maabara, daktari. Mgonjwa wa Siyu aliyepewa saa sita ataonwa, ndiyo, lakini ataondoka bila majibu ya damu, na safari nzima imeharibika kwa ajili ya saa mbili. Atakuja tena kwa nauli nyingine, au hatakuja.

Maji hayafuati kalenda ya ukutani. Kila siku hujaa yakichelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa iliyomfaa mtu wiki hii haitamfaa wiki ijayo. Kwa bahati nzuri kalenda ya Kiislamu inatupa jibu bila jedwali: bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kiasi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Karani akoleze siku hizo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, kuanzia mwezi mosi hadi mwezi tatu, na kuanzia kumi na tano hadi kumi na saba au na nane. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa alfajiri na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa zile zile kliniki imepamba moto. Wa visiwani siku hizo hufika mapema wakiwahi maji, na hawaondoki mpaka yaanze kujaa tena mchana. Waweke saa mbili na saa tatu ili maabara iwe na muda, kisha wangoje boti kwa raha zao. Siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, mambo hugeuka, maji yanajaa katikati ya asubuhi. Hata hivyo neno la mwisho ni la nahodha, maana boti ndogo hupita mahali kubwa haipiti.

Safu moja zaidi kwenye daftari basi: "Boti." Mtu wa mjini iachwe wazi.

Saa ya Kiswahili na saa ya mashine

Programu za miadi hutuma saa kama zilivyo kwenye simu: 10:00. Mmoja ataisoma saa nne asubuhi, mwingine saa kumi jioni, na wote wana haki. Mbaya kuliko zote ni 8:00, kwa sababu saa nane mchana ni saa ya kawaida kabisa ya kwenda kwa daktari, na mgonjwa atafika akiwa na uhakika wake wote mlango ukiwa umeshafungwa. Ujumbe uandikwe kama watu wanavyosema: "saa 4 asubuhi". Neno asubuhi au mchana lisikosekane. Kama programu hairuhusu kubadilisha namna ya kuandika saa, usiinunue. Au tumia tu kalenda yake ndani, na ujumbe kwa mgonjwa uandikwe na karani.

Vipimo vya kufunga navyo vina mtego. Sukari ya kufunga huhitaji angalau saa nane bila chakula. Ukimwambia mtu "usile Jumatatu usiku", kwa wengi hapa usiku wa Jumatatu umeanza Jumapili magharibi. Sema "usiku wa kuamkia Jumanne, ukishakula chakula cha usiku usile tena mpaka utolewe damu, maji ruhusa". Na wa kufunga wote waandikwe kipindi cha saa mbili.

Ujumbe wa kukumbusha

Ujumbe uende siku moja kabla, alasiri, mtu akiwa bado na nafasi ya kuzungumza na nahodha. Ukienda asubuhi ya siku yenyewe, wa Kizingitini umeshamkosa. Mfano:

Kliniki: miadi yako ni Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi. Njoo na kitambulisho na dawa unazotumia. Kama huwezi kuja, jibu SIWEZI.

Hizo ni herufi 128, nafasi na alama zikiwemo. Ujumbe mmoja hubeba 160. Lakini ukitia kikatuni cha uso unaocheka, au ukinakili kutoka kompyuta neno kama ng'ambo likiwa na ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, uwezo wa ujumbe unashuka hadi herufi 70. Ujumbe ule ule utagawanywa na kulipiwa mara mbili. Kliniki inaweza kushangaa mwezi mzima salio linakwenda wapi, na chanzo ni alama moja juu ya herufi g.

Jambo la pili ni jina la mtumaji. Kampuni za ujumbe wa jumla zitakushawishi ununue jina la kliniki litokee badala ya namba. Linapendeza, lakini mgonjwa hawezi kulijibu. Neno SIWEZI litakwenda hewani. Chukua namba ya kawaida au namba fupi inayopokea majibu. Utafiti wa WelTel uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha wagonjwa wa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI walizingatia dawa vizuri zaidi walipoandikiwa kila wiki neno moja, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu. Ujumbe usio na njia ya kurudi ni tangazo tu.

Tatu, usitaje ugonjwa. Simu nyingi ni za nyumba nzima: mume anasoma, mtoto anasoma, wifi anasoma. "Kliniki ya sukari" haidhuru sana, lakini kuna kliniki ambazo jina lake likionekana kwenye simu limeshavunja siri. Andika "Kliniki" peke yake. Wakati wa kuchukua namba muulize mtu: simu hii ni yako au ya nani, na ujumbe ukija ni sawa usomwe na mwingine? Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kanuni za kusajili wanaotunza data haziisamehe kliniki kwa kuwa ni ndogo.

Daftari moja

Miadi miwili kwenye nafasi moja haitokani na uzembe kama watu wanavyodhani. Hutokana na vitabu viwili: kimoja dirishani, kingine kwenye simu ya nesi anayeandikia watu wa mtaani kwake kwa WhatsApp. Kiwe kimoja, kikae dirishani, na anayepokea ombi popote asitoe saa mpaka akisome au ampigie karani. Kurasa mbili zinazotazamana zitoshe siku moja, kipindi kwa kipindi, nafasi za mapema zikiwa na mstari na za siku hiyo zikiwa zimetiwa kivuli kwa penseli ili mtu asizijaze wiki moja kabla. Safu: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu, anataka nini, daktari au nesi, boti, amefika saa ngapi. Kuna majina yanayofanana kila mtaa hapa, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa si urembo. Mwanamke anayetaka kuonwa na mwanamke aandikiwe hapo hapo, bila kuulizwa sababu mbele ya watu.

Daftari likishaendeshwa vizuri miezi mitatu, ndipo lihamishiwe kwenye kompyuta. Kompyuta itakayopewa daftari bovu itatoa daftari bovu kwa haraka zaidi, na umeme ukikatika hutakuwa na hata hilo bovu.

Ukifungua WhatsApp, iwe namba ya kliniki, si ya mtu, na iwe na jibu la moja kwa moja lisemalo saa za kujibiwa na mahali pa kukimbilia kwa dharura. Sauti zilizorekodiwa zipokelewe, maana wazee wengi huzungumza vizuri kuliko wanavyoandika, lakini karani aziandike daftarini papo hapo. Sauti haitafutiki baadaye. Na usifungue maombi kwa saa moja tu asubuhi. Uingereza wanaijua adha hiyo: simu za saa mbili asubuhi, mji mzima ukipiga kwa pamoja na nafasi kwisha baada ya dakika chache. Ni foleni ya ndala ile ile, imehamia kwenye waya. Tangu Oktoba mosi 2025 vituo vya madaktari wa mtaa huko England vinatakiwa kuacha maombi ya mtandaoni wazi saa zote za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni.

Wasiongoja

Dirishani pabandikwe karatasi yenye herufi kubwa. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka. Mtu yeyote anayepumua kwa shida, aliyebanwa na kifua, anayetoka damu isiyokoma, aliyeumwa na nyoka. Mjamzito anayetoka damu, mwenye maumivu makali ya kichwa au anayeona ukungu. Hao hawapewi kipindi, wanaingia. Karani hatibu wala hakisii ugonjwa. Anasoma karatasi na kumwita nesi. Nesi apite barazani kila baada ya nusu saa kuwatazama waliokaa, kwa sababu mtoto aliyefika saa mbili anacheza anaweza kuwa amelegea saa nne.

Wakati wa kuandika miadi uliza pia kama mtu amesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiyesajiliwa aelekezwe kupiga *147# akiwa nyumbani. Siku mtandao unaposuasua, watu kumi wanaosajiliwa dirishani ndio wanaoharibu kipindi cha saa mbili, daktari akiwa amekaa.

Tarehe ya kurudi

Wengi wa kuandikwa mapema ni wa sukari na presha, na hapa kuna hesabu ndogo yenye faida kubwa. Dawa za siku 30 na tarehe ya kurudi baada ya siku 30 haziendi pamoja. Aliyeonwa Alhamisi atatakiwa kurudi Jumamosi, wa Ijumaa atatakiwa Jumapili. Wote watakuja Jumatatu, nawe utajiuliza Jumatatu ina nini. Toa dawa za siku 30, andika tarehe ya siku 28. Siku ya wiki inabaki ile ile, na mgonjwa ana akiba ya siku mbili mkononi. Msimu wa kusi, hasa Juni na Julai, akiba ya wagonjwa wa visiwani iongezwe kama daktari ameridhia, kwani bahari ikichafuka hakuna miadi itakayoheshimiwa.

Wenye sukari wanaokusudia kufunga Ramadhani wanahitaji kuonwa wiki sita hadi nane kabla, dozi zipangwe upya na wengine waambiwe wazi kwamba kwao kufunga ni hatari. Hiyo ni karibu nusu ya kwanza ya Rajabu. Zuia nafasi mbili kila siku katika kipindi hicho mapema, na wahudumu wa afya ya jamii wa Matondoni, Kipungani na kwingineko wapewe orodha wawapitie majumbani. Ukingoja wiki ya mwisho ya Shaabani, watakuja wote kwa pamoja na hutakuwa na pa kuwaweka.

Kuanza, na kupima kama inafanya kazi

Usibadilishe kliniki nzima Jumatatu moja. Anza na kliniki ya sukari na presha siku moja ya wiki, kwa sababu watu wake wanajulikana na wana tarehe tayari. Mwezi mmoja, kisha ongeza. Tangazo liende misikitini baada ya sala, gatini, na kwa manahodha, ambao habari zao hufika Faza kabla ya redio. Sema mambo matatu tu: namba hazitolewi tena alfajiri, dirisha linafunguliwa saa moja na nusu, na mtu bila miadi bado ataonwa. La tatu lisiposemwa, uvumi utasema mlango umefungwa.

Kipimo kimoja cha kila wiki kinatosha. Jumatano saa nne, karani afungue daftari atafute nafasi ya tatu iliyo wazi ya miadi ya mapema, ahesabu iko siku ngapi mbele. Ya kwanza na ya pili huenda zimeachwa na waliojitoa jana, zikakudanganya kwamba kuna nafasi tele. Andika namba ukutani ndani ya ofisi. Kando yake andika wangapi hawakutokea, na kwa kila mmoja apigiwe simu aulizwe kwa upole: boti, nauli, kusahau, au kupona? Ukigundua wengi ni boti, rekebisha saa zako kabla ya kulaumu watu.

Usiongeze malengo mengi juu ya hapo. Serikali ya Uingereza iliahidi mwaka 2000 kwamba ifikapo 2004 mtu ataweza kumwona daktari wa mtaa ndani ya saa 48. Vituo vingine vikaona njia fupi: vikakataa kabisa kuandika miadi ya zaidi ya siku mbili mbele, na namba zikapendeza. Mwaka 2005 mwanamke mmoja alimweleza Tony Blair, waziri mkuu wa wakati huo, hilo kwenye kipindi cha BBC, naye akaonekana kushangaa. Mgonjwa wa Siyu anayetakiwa kupanga boti hawezi kuishi na kanuni kama hiyo hata wiki moja.

Imebaki siku daktari hayupo: ameitwa kwenye kikao Mokowe, au anaumwa. Karani achukue daftari usiku huo huo akipata habari, aanze kupiga simu kwa wenye alama kwenye safu ya boti, kisha waliofunga kwa ajili ya kutolewa damu, kisha Shela na Matondoni, mwisho mjini. Asimwambie mtu "tutakupigia". Ampe kipindi kipya kwenye simu hiyo hiyo, ndani ya siku saba, na kwa wa visiwani amuulize tena boti yarudi saa ngapi, maana maji ya wiki ijayo si ya wiki hii.